Barua ya kijana mfanyakazi ni somo kwa Eldoret

Wapo wanaodhani kwamba maktaba ya umma ni ya watu wazima, na kwamba mtoto huvumiliwa tu humo. Maisha ya Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyefariki mwaka 1919, yanatufunza vingine.

Carnegie alizaliwa mwaka 1835 mjini Dunfermline, Scotland, akiwa mwana wa mfumaji ambaye mashine za viwanda zilimnyang'anya riziki. Mwaka 1848 jamaa yake ilihamia Allegheny, Marekani. Huko akaajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa juma, kisha akawa tarishi wa kupeleka telegramu. Shule kwake ilikuwa imekwisha.

Aliyemfungulia mlango wa elimu ni Kanali James Anderson, aliyewaazima vijana wafanyakazi vitabu kila Jumamosi kutoka maktaba yake yenye vitabu 400 hivi. Maktaba hiyo ilipopanuliwa, msimamizi aliamua kwamba vijana wasiokuwa wanagenzi walipe dola 2 kwa mwaka. Mwaka 1853 Carnegie, mwenye umri wa miaka 17, aliliandikia gazeti kupinga ubaguzi huo. Msimamizi alijibu, naye kijana akaandika tena. Hatimaye ada ikaondolewa.

Utajiri wake haukukosa doa, kwani wafanyakazi waliuawa katika mgomo wa kiwanda chake cha Homestead mwaka 1892. Hata hivyo, fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Maktaba yake ya Pittsburgh ilianzisha idara ya watoto mwaka 1898. Lakini yeye alitoa jengo tu. Kwa kawaida mji uliopewa maktaba ulitoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa uendeshaji.

Sharti hilo latuhusu. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti jukumu la maktaba, na Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Jiji lisilomtengea mtoto rafu, kiti, vitabu vya rika lake na mkutubi aliyefunzwa kumhudumia, ni jiji kwa jina tu. Huduma hiyo haidumu kwa hisani ya wafadhili. Yahitaji fungu katika bajeti ya kila mwaka.

Walimu na wanafunzi, bajeti ya kaunti haipitishwi kabla ya wananchi kutoa maoni. Andikeni. Kijana wa miaka 17, asiye na cheo wala kura, aliandika na akasikilizwa.