Mzigo wa Simoni wa Kirene

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870, mtoto wa mwanajeshi, na maisha yake yote yalikuwa ya jeshi. Alipigana China. Mwaka 1906, katika nchi ambayo leo ni Namibia, alijeruhiwa kifuani na katika jicho la kushoto, ambalo halikupona sawasawa. Januari 1915, pale Jasini karibu na mpaka wa Kenya, risasi ilimpata mkononi. Mwaka 1920 alichapisha kumbukumbu zake za vita vya Afrika Mashariki, akasifiwa hata na waliokuwa adui zake.

Sisi wa Kusini tuna sababu ya kukisoma kitabu hicho polepole, kwa kuwa mengi anayoyasimulia yalitendeka kwetu. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliwapita Waingereza waliokuwa wakilinda pwani, ikaingia Sudi, kati ya Mikindani na Lindi. Ilileta mizinga, risasi na dawa. Shehena hiyo ilikuwa imefungwa tangu Ulaya kwa mizigo ya kubebwa na mtu mmoja mmoja. Yaani kabla meli haijang'oa nanga, vichwa na mabega ya watu wetu vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa!

Oktoba 1917 alipigana siku nne Mahiwa, na maelfu wakauawa au kujeruhiwa. Mwezi uliofuata, katika Uwanda wa Makonde, kwinini ikiwa haba, aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wengine wengi. Waliobaki naye akawavusha Ruvuma tarehe 25 Novemba, pale Ngomano, mbali sana juu ya mdomo wa mto: Wajerumani, askari, wapagazi, wanawake na watoto. Alisalimu amri mwaka mmoja baadaye, siku ileile, Abercorn.

Kamanda tunajua risasi ilimpata wapi na lini. Mpagazi aliyeanguka njiani hatujui hata kwao ni wapi. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na vijiji vikanyang'anywa chakula. Marko 15:21 anatueleza habari za mtu mwingine aliyekamatwa njiani akatwishwa mzigo usio wake. Lakini Marko aliandika jina lake, mji wake, na majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo.

Lettow-Vorbeck naye alionja msiba: wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, akapokewa na askari wake wa zamani. Alifariki Machi 1964, akiwa karibu kutimiza miaka 94.

Katika jiji hilohilo, kambi ya wapagazi wa Waingereza iliacha jina la Kariakoo. Sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa chini yake, kwa maandishi, wote kwa pamoja.