Robert Koch: Msee Aliyeumbua TB, Dawa Ikamlenga

Kibera na Kawangware, kati yako na jirani ni mabati tu. Akikohoa usiku mzima, unaskia kila kitu. Sasa kuna buda wa Ujerumani alifanya tujue hicho kikohozi kinatoka wapi.

Robert Koch alizaliwa 1843 huko Clausthal, familia ya watoto 13. Alianza kama daktari wa mashambani, akimaliza wagonjwa anajifungia na maikroskopu. 1876 akaonyesha kimeta, ule ugonjwa wa mifugo, unaletwa na bakteria. Halafu 24 Machi 1882, mbele ya madaktari wa Berlin, akaangusha bomu: hata TB ni bakteria. Si kurogwa, si laana ya familia. Enzi hizo ilihesabiwa TB inaua mtu 1 kati ya 7. Ndio maana 24 Machi ni Siku ya TB Duniani.

Jina likapaa, na presha pia. 1890 akatangaza dawa, tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Ikabuma, wengine wakadedi. Bado 1905 akabeba Nobel.

1906 akatua huku kwetu, visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa imefagia watu vibaya. Akawadunga Atoxyl, dawa ya arseniki. Wengi walipata nafuu ya muda tu, na alipoongeza dozi, zaidi ya watu 20 wakapofuka kabisa. Hii sehemu haiongelewangi sana, na walioilipia ni watu wetu.

Koch alikufa 27 Mei 1910, dawa ya TB hajaiona. Antibiotiki ya kwanza ya kuiweza, streptomaisini, ilipatikana Marekani 1943. Lakini bakteria wakaizoea haraka, ikabidi dawa zichanganywe, na mgonjwa ameze mwaka mmoja na nusu. Nani ataweza? Wengi walihepa.

Hapo ndio Nairobi inaingia. Kutoka 1970, wagonjwa wa Kenya na majirani walikuwa kwa majaribio yaliyoonyesha kwamba ukiweka rifampisini, miezi 6 inatosha. Dunia nzima ikafuata hiyo njia.

Leo hizo dawa ni bure hospitali za serikali. Noma iko hapa: mwezi wa pili kikohozi kinaisha, unajiskia fiti, kazi ya mjengo inakuita, unaacha. Waliobaki kifuani ni wale bakteria wagumu. Wakiamka, dawa za kawaida haziwabambi tena, na unawapulizia watoto mnaolala nao chumba kimoja.

Kikohozi kikipita wiki 2, enda upimwe makohozi. Wakikupea dawa za miezi 6, meza zote 6. Koch angetoa chochote kuwapea wagonjwa wake hizo tembe.