Dan Donnelly au Rinty Monaghan: nani bondia mkubwa wa Ireland?

Dan Donnelly alizaliwa mwaka wa 1788 mjini Dublin, katika mtaa wa watu maskini karibu na bandari. Alikuwa fundi wa mbao, mwenye mwili mkubwa na kupenda pombe. Wakati huo Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na mabondia wa Uingereza ndio walioonekana kuwa wakubwa kuliko wote.

Ngumi za wakati ule hazikuwa kama za leo. Watu walipigana mikono mitupu, bila glovu. Raundi haikuhesabiwa kwa dakika: iliisha pale mmoja alipoanguka, na aliyeshindwa kuinuka ndani ya sekunde 30 alikuwa amepoteza.

Tarehe 13 Desemba 1815, Donnelly alikutana na Mwingereza George Cooper katika uwanda wa Curragh, wilaya ya Kildare. Maelfu ya watu walijaa kwenye vilima vinavyozunguka bonde lile. Katika raundi ya 11, Donnelly alimvunja Cooper taya, na pambano likaishia hapo. Kwa wananchi wa kawaida wa Ireland, huo haukuwa ushindi wa mtu mmoja. Hadi leo bonde hilo linaitwa kwa jina lake, na nyayo zake alipopanda kutoka bondeni zingali zinaonekana.

Mwaka wa 1819 alivuka bahari na kumshinda Tom Oliver huko Uingereza kwenyewe, katika raundi ya 34. Lakini pesa hazikukaa mikononi mwake. Alifungua baa nne mjini Dublin, moja baada ya nyingine, na mteja mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 18 Februari 1820, akiwa na miaka 31 tu.

Hata kaburini hakupumzika. Wezi wa maiti walimfukua ili wamuuze kwa daktari mpasuaji. Mwili ulirudishwa, lakini mkono wake wa kuume haukurudi. Ulipelekwa Scotland kufundishia wanafunzi wa udaktari, kisha ukaonyeshwa katika sarakasi, na baadaye ukawekwa kwa miaka mingi katika baa moja ya mji wa Kilcullen.

Zaidi ya miaka 100 baadaye alitokea bondia mwingine, mdogo kwa mwili. John Joseph Monaghan, aliyeitwa Rinty, alikuwa kijana wa Belfast wa uzito wa chini ya kilo 51. Tarehe 23 Machi 1948, katika ukumbi wa King's Hall mjini kwao, alimwangusha Jackie Paterson wa Scotland katika raundi ya 7 na kuwa bingwa wa dunia. Kila baada ya pambano alishika kipaza sauti na kuwaimbia watazamaji. Katika mji uliogawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, pande zote mbili zilimshangilia.

Mwaka wa 1949 alimshinda Mfaransa Maurice Sandeyron na kuongeza ubingwa wa Ulaya. Mwaka wa 1950 ugonjwa wa mapafu ulimlazimisha kustaafu, akiwa bado na mkanda wake wa dunia. Baadaye alifanya kazi za kawaida, ikiwemo udereva, na alifariki mwaka wa 1984. Yeye pia hakuacha utajiri.

Basi, nani mkubwa? Tukihesabu mataji, Rinty anashinda bila ubishi: Donnelly alikuwa na mapambano makubwa matatu tu, na siku zake hakukuwa na ubingwa wa dunia. Rinty pia alijua kuondoka akiwa juu, jambo ambalo Donnelly hakulijua.

Lakini Rinty aliwapa watu wake furaha wakati nao walikuwa wamekwisha kuzoea kuona mabingwa wao. Donnelly aliwaonyesha kwamba Mwingereza naye anaanguka. Ndiyo sababu mkono wake ulitunzwa, hata pale kaburi lake lilipokosa heshima.