John Herschel: Mwanasayansi aliyebwagwa na mwana wa mfalme kwa kura nane

NOVEMBA 30, mwaka 1830, wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa jijini London mwaka 1660, walipiga kura kumchagua rais wao. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Augustus Frederick, Duke wa Sussex, mtoto wa Mfalme George wa Tatu na ndugu wa William wa Nne, aliyekuwa amerithi kiti cha enzi miezi michache tu kabla ya hapo. Mwingine alikuwa John Herschel, mtaalamu wa falaki, hisabati na kemia, aliyekuwa na umri wa miaka 38.

Kura zilipohesabiwa, mwana wa mfalme alipata 119 na mwanasayansi alipata 111. Tofauti ya kura nane ilitosha kumpa ushindi mtu ambaye hakuwa amefanya utafiti wowote wa kisayansi. Hata hivyo, swali lililowafikisha wanachama hao kwenye sanduku la kura halikumalizika siku ile: je, chama cha wasomi kiongozwe na mtu mwenye cheo au na mtu mwenye kazi?

Herschel alizaliwa Machi 7, 1792 huko Slough, magharibi mwa London. Alikuwa mtoto pekee wa William Herschel, mwanamuziki kutoka Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza, akageukia elimu ya nyota na mwaka 1781 akaigundua sayari ya Uranus. Shangazi yake, Caroline, naye alikuwa mtafiti wa anga aliyegundua nyota mkia nane. Mtoto huyo alikulia katika nyumba ambayo uwanja wake ulitawaliwa na darubini yenye bomba la urefu wa mita 12, na ambamo mazungumzo ya mezani yalihusu vioo, lenzi na mawingu ya nyota.

Mwaka 1809 aliingia chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alifanya urafiki na Charles Babbage, ambaye baadaye alijulikana kwa kubuni mashine za kukokotoa, na George Peacock. Mwaka 1812 vijana hao waliunda chama kidogo cha kupigania mageuzi katika ufundishaji wa hisabati, kwani waliona Waingereza wameachwa nyuma na wenzao wa Ufaransa kwa kung'ang'ania mbinu za zamani. Mwaka uliofuata Herschel aliongoza katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 21 tu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Baada ya masomo alijaribu sheria, akaiacha. Mwaka 1816 alirudi Slough kumsaidia baba yake, ambaye umri ulikuwa umemtupa mkono. Hapo alijifunza kung'arisha vioo vya darubini na kukesha akiipima anga. Baba yake alifariki dunia mwaka 1822, na kazi ya familia ikabaki mikononi mwake.

Ili kuelewa uchaguzi wa mwaka 1830, ni lazima kutazama hali ya Royal Society wakati huo. Kwa zaidi ya miaka 41, kuanzia mwaka 1778 hadi kifo chake mwaka 1820, chama hicho kiliongozwa na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea na tajiri mwenye ushawishi mkubwa. Banks alikikuza chama, lakini alikishika kwa mkono mzito. Wanachama wengi walikuwa makabaila, makasisi, maofisa wa jeshi na watu wenye fedha waliopenda kuhesabiwa miongoni mwa wasomi. Waliofanya utafiti hasa walikuwa wachache.

Banks hakupenda kuona vyama vingine vikichipuka. Mwaka 1820 Herschel, Babbage na wenzao walipoanzisha Chama cha Falaki cha London, Duke wa Somerset aliyekuwa ameteuliwa kukiongoza alijiondoa kwa sababu ya upinzani wa Banks. Nafasi hiyo ilichukuliwa na mzee William Herschel. Baadaye John mwenyewe alikiongoza chama hicho katika vipindi vitatu.

Baada ya Banks, Royal Society iliongozwa na mkemia Humphry Davy, kisha kuanzia mwaka 1827 na Davies Gilbert, mbunge. Herschel alikuwa mmoja wa makatibu wa chama kati ya mwaka 1824 na 1827, hivyo aliyaona matatizo yake akiwa ndani. Mwaka 1830 Babbage alichapisha kitabu kilichodai kuwa sayansi ya Uingereza inadidimia, na akawarushia lawama nzito viongozi wa Royal Society.

Gilbert alipotaka kung'atuka, alizungumza na Duke wa Sussex kuhusu kumrithi kabla wanachama hawajashauriwa ipasavyo. Habari zilipovuja, wanamageuzi waliona kwamba kiti kilichowahi kukaliwa na Isaac Newton kinageuzwa kuwa zawadi ya ikulu. Wakamwendea Herschel.

Duke wa Sussex hakuwa mtu wa hovyo. Alikuwa mpenzi wa vitabu mwenye maktaba kubwa, na katika siasa aliunga mkono kukomeshwa kwa biashara ya watumwa na mageuzi ya Bunge. Waliompigia kura waliamini kwamba jina lake lingekipa chama heshima na mlango wa kuingilia serikalini. Kwa wanamageuzi, hoja haikuwa tabia ya Duke, bali kipimo kilichotumiwa kumpata.

Herschel naye hakuwa mgombea mwenye uchu. Hakupenda mikutano wala fitina za vyama, na alijua kwamba urais ungemla muda wa kutazama nyota. Alikubali jina lake litumike kwa sababu aliona kuna jambo la msingi la kutetea. Aliposhindwa, hakuanzisha vita vya kulipiza kisasi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na Herschel alirudi kwenye darubini yake.

Kwa kweli alikuwa na safari akilini. Baba yake alikuwa amechunguza anga ya kaskazini, lakini nyota nyingi za kusini, ambazo mkazi wa Afrika Mashariki huziona bila shida, hazionekani kabisa kutoka London. Mama yake alipofariki dunia Januari 1832, alianza maandalizi. Novemba 1833, pamoja na mkewe Margaret, ambaye alimwoa mwaka 1829, na watoto wao, alipanda meli kuelekea Afrika Kusini. Safari hiyo aliigharimia mwenyewe.

Walifika Cape Town Januari 1834 na kuishi katika shamba la Feldhausen, chini ya Mlima wa Meza. Hapo Herschel alisimika darubini yenye urefu wa mita 6 hivi, na kwa miaka minne aliipekua anga ya kusini kipande kwa kipande. Aliorodhesha nebula na makundi ya nyota 1,707 pamoja na nyota pacha 2,102. Aliitazama nyota mkia ya Halley ilipopita mwaka 1835, na Desemba 1837 alishuhudia nyota ya Eta Carinae ikiongezeka mwanga ghafla. Mchana, yeye na Margaret walichora maua ya Cape kwa ustadi ambao wataalamu wa mimea wanauthamini hadi leo.

Akiwa huko ndipo jina lake lilipotumiwa katika mojawapo ya habari za uongo mashuhuri zaidi katika historia ya magazeti. Agosti 1835 gazeti la Sun la New York lilichapisha mfululizo wa makala zilizodai kuwa Herschel, kwa darubini yake ya Cape, ameona mwezini misitu, wanyama na viumbe kama watu wenye mabawa ya popo. Wasomaji wengi waliamini. Mwenyewe hakuwa na habari, na alipoelezwa alichekeshwa kwanza, kisha akachoshwa na maswali yasiyokwisha.

Huko Cape alikubali pia kuongoza taasisi ya fasihi na sayansi ya koloni hilo. Aidha, aliwashauri watawala kuhusu elimu, akitaka shule za serikali zenye walimu waliofunzwa vizuri na elimu ya msingi isiyo na ada. Ushauri wake ulichangia mfumo mpya wa shule ulioanza mwaka 1839, ingawa katika koloni la kibaguzi matunda yake hayakuwafikia wote sawasawa. Juni 1836 alitembelewa na kijana Charles Darwin, aliyekuwa akirejea kutoka safari yake ya kuizunguka dunia. Darwin alikuwa amesoma kitabu cha Herschel kuhusu njia za uchunguzi wa kisayansi akiwa mwanafunzi, na kilimtia hamu ya kuwa mwanasayansi.

Herschel alirejea Uingereza mwaka 1838, akapokewa kama shujaa na kupewa cheo cha baroneti wakati wa kutawazwa kwa Malkia Victoria. Mwaka huo huo Duke wa Sussex alijiuzulu urais wa Royal Society. Wanachama walimchagua kabaila mwingine, Marquess wa Northampton. Herschel hakusimama tena kupigiwa kura.

Mwaka 1839, habari za uvumbuzi wa upigaji picha zilipotangazwa, alikumbuka jambo alilogundua miaka 20 nyuma: kwamba chumvi ya haiposalfaiti huyeyusha misombo ya fedha. Dawa hiyo ikawa njia ya kuzuia picha isififie, na ilitumika katika vyumba vya giza vya wapiga picha duniani kote hadi enzi za kamera za kidijitali. Ni yeye aliyeeneza matumizi ya neno negativu katika fani hiyo, na mwaka 1842 alivumbua njia ya kutoa picha za rangi ya buluu, ambayo baadaye wahandisi na wasanifu majengo waliitumia kunakili michoro yao.

Wakati huo, hoja iliyoshindwa mwaka 1830 ilikuwa ikijijengea njia. Mwaka 1831 kilianzishwa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi, kilichofanya mikutano katika miji mbalimbali, na mwaka 1845 Herschel alikuwa rais wake. Mwaka 1847 Royal Society yenyewe ilibadili kanuni: wanachama wapya wasizidi 15 kwa mwaka, na wachaguliwe kwa kazi zao za kisayansi. Mwaka 1848 urais ulikwenda kwa Earl wa Rosse, kabaila kwa kuzaliwa, lakini mtu aliyejijengea darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Tangu hapo, marais wa chama hicho wamekuwa watu wa sayansi.

Herschel hakukwepa uongozi moja kwa moja, na mara moja ulimgharimu sana. Mwishoni mwa mwaka 1850 alikubali kuwa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, wadhifa aliowahi kuushika Newton, wakati kiwanda hicho kikifanyiwa mabadiliko makubwa. Kazi za ofisi, ugomvi wa masilahi na kuishi mbali na familia vilimwangusha kiafya, akajiuzulu mwaka 1855. Yaliyompata hapo yanaonyesha kwamba woga wake wa mwaka 1830 haukuwa wa bure.

Alitumia miaka yake ya mwisho nyumbani kwake huko Hawkhurst, Kent, akiandika na kupanga orodha. Orodha yake kuu ya mwaka 1864 ilikusanya nebula na makundi ya nyota zaidi ya 5,000, na ndiyo msingi wa orodha ya mwaka 1888 ambayo namba zake wanafalaki wanazitumia mpaka sasa. Majina ya miezi ya sayari ya Zohali, kama Titan na Enceladus, yalipendekezwa naye.

John Herschel alifariki dunia Mei 11, 1871, akiwa na umri wa miaka 79, akiacha familia kubwa. Alizaa na Margaret watoto 12. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, karibu na kaburi la Newton. Newton aliiongoza Royal Society kwa miaka 24 hadi kifo chake. Herschel hakuiongoza hata siku moja.