Beryl Markham na barafu ya Atlantiki

Beryl Markham alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Alikuwa na miaka minne hivi wazazi wake walipomleta Kenya. Mama alirudi Ulaya. Mtoto akabaki Njoro na baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi. Alicheza na kuwinda na watoto wa Kinandi, akajua lugha yao na Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa lugha, hilo si dogo. Kiswahili cha walowezi wengi, kilichoitwa Kisetla, kilikuwa cha kutoa amri; chake kilianzia michezoni.

Ujanani alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tom Campbell Black alimfundisha urubani, akawa anabeba barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Wenzake wa utotoni hawakufunguliwa mlango huo: enzi za ukoloni, anga nayo ilikuwa na rangi.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akielekea New York kwa ndege ya Vega Gull yenye injini moja. Njia ya magharibi ndiyo ngumu, kwani upepo huja usoni na safari hula mafuta mengi. Kwetu Kibati, anayepanda Nyiragongo huvaa koti zito kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Rubani naye yumo katika kanuni hiyo hiyo, ila koti halimtoshi: chombo chenyewe huganda.

Baada ya saa 20 na zaidi injini ilianza kukatika. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi. Anayemimina mafuta kutoka kwenye bidoni ataelewa: hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Tangi lilikuwa na mafuta, injini ikafa kwa kiu. Akaishusha ndege kwenye kinamasi huko Baleine, Cape Breton, Kanada. Pua ilizama topeni. Yeye akaumia kichwani, lakini akatoka kwa miguu yake.

New York hakufika kwa ndege ile. Hata hivyo, hakuna mwanamke aliyemtangulia kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini bila kutua. Furaha haikudumu: tarehe 19 Septemba Campbell Black alifariki Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado ardhini.

Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, West with the Night. Wapo wanaodai kiliandikwa na mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, na mjadala haujaisha. Kilisahauliwa hadi kilipochapwa upya mwaka 1983. Wakati huo Beryl alikuwa amerudi Kenya zamani, kwa farasi wake. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, ukiwa umebaki mwezi mmoja safari yake itimize miaka 50.