Frances Havergal na Sanduku la Vito

Wengi wetu tumeuimba ule wimbo wa kujitoa, unaotaja kitu kimoja kimoja: mikono, miguu, sauti, midomo, mpaka fedha na dhahabu. Huimbwa sana siku ya mavuno, watu wakipiga foleni kwenda mbele na sadaka zao. Mavuno yakiisha, tunaufunga mpaka mwaka ujao. Aliyeutunga hakuweza kuufunga hivyo, na katika jubilii hii tumeona vema kumkumbuka.

Frances Ridley Havergal alizaliwa tarehe 14 Desemba 1836 huko Astley, Uingereza, kitindamimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa kasisi wa Anglikana na mtunzi wa muziki wa kanisa. Mama alifariki Frances akiwa na umri wa miaka 11. Afya yake ilikuwa dhaifu, lakini alijifunza Kijerumani, Kifaransa, Kigiriki na Kiebrania, akaweka moyoni vitabu vizima vya Biblia. Kwenye piano alipiga kazi za Handel na Beethoven bila kutazama karatasi, na chama cha muziki cha mji wa Kidderminster kilimtumia kama mwimbaji wa solo. Angetaka jina kwa muziki, angelipata.

Mapema mwaka 1874 alikwenda kukaa siku tano katika nyumba moja iitwayo Areley House. Humo mlikuwa na watu kumi, wengine hawajaokoka, wengine wameokoka lakini hawana furaha. Alimwomba Mungu ampe wote waliokuwamo, na kabla hajaondoka wote walikuwa wamebarikiwa. Usiku wa mwisho, tarehe 4 Februari, furaha ilimnyima usingizi, na ndipo maneno ya wimbo huo yalipomjia, mistari miwili miwili.

Sasa ikabaki kuyaishi. Sauti ilikuwa ya kwanza. Aliamua kwamba hataimba tena wimbo usiomhusu Bwana, hata akialikwa sebuleni kwa watu wakubwa waliotaka kuburudishwa tu. Wanakwaya tunajua uzito wa uamuzi huo, maana makofi ya ukumbini ni matamu kuliko ukimya wa kanisani. Saa zake nazo zilijaribiwa. Mwaka 1876 moto uliteketeza kiwanda cha uchapaji, pamoja na sahani za muziki aliouandaa kwa ajili ya kitabu kikubwa cha nyimbo. Alikaa chini akaianza kazi hiyo upya, noti kwa noti.

Fedha na dhahabu zilikuja baadaye, na hapo ndipo tunapomheshimu zaidi. Alikuwa ameuimba ubeti huo kwa miaka minne, huku sanduku lake la vito, zuri la kumfaa mke wa bwana mkubwa, limekaa nyumbani. Mwezi Agosti 1878 alilifungasha pamoja na vito vyake, karibu vipande hamsini, akapeleka vyote kwa CMS, vikauzwe kwa ajili ya kazi ya misheni. Alibakiza bizimu moja mbili za kila siku, zilizokuwa kumbukumbu ya wazazi wake, na kidani chenye picha ya mtoto wa ndugu yake aliyefariki. Hata hivyo alivilipia thamani yake, ili misheni isipungukiwe. Akina mama wa kwaya watakubaliana nasi kwamba hiyo si sadaka ya kufumba macho.

CMS ndiyo iliyomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndiyo iliyoanzisha Freretown mwaka 1875. Wakristo wa Rabai na Freretown walitunzwa na misheni iliyotegemea watoaji wa namna hii.

Aliandika pia kitabu kueleza wimbo wake, kikatoka baada ya kifo chake. Humo hadai kwamba kila senti iingie kapuni. Anachosisitiza ni kwamba hata ile ya chakula na nguo ni ya Bwana, na itumike kwa idhini yake. Kwa maoni yetu hilo ni gumu kuliko fungu la kumi, kwa sababu fungu la kumi lina mwisho.

Miezi yake ya mwisho aliishi karibu na bahari, kusini mwa Wales. Tarehe 21 Mei 1879 alikuwa ameahidi kukutana na vijana na wanaume wa kijiji juu ya kuacha pombe. Mawingu mazito yalikuwa yakitoka baharini, lakini alikwenda, akarudi amelowa na kutetemeka. Ugonjwa ulimshika, na tarehe 3 Juni alifariki akiwa na miaka 42. Asubuhi hiyo, kwa sauti dhaifu, aliimba ubeti kwa tuni aliyoitunga mwenyewe. Mwishoni kabisa alijaribu tena kuimba. Ikatoka noti moja, ya juu na tamu, kisha sauti ikakatika.