Gunpei Yokoi: Aliyetikisa dunia ya gemu kwa teknolojia kuukuu

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema ya kale ni dhahabu. Katika biashara ya kompyuta na vifaa vya kuchezea, ambako kila mwaka huletwa kitu kipya na kile cha mwaka uliopita kikaanza kudharauliwa, ni wachache walioiamini kauli hiyo kwa vitendo kama Gunpei Yokoi wa Japani.

Mhandisi huyo, aliyefariki dunia Oktoba 4, 1997 akiwa na umri wa miaka 56, ndiye aliyeongoza idara iliyotengeneza Game Boy, kifaa kidogo cha kijivu kilichoingia mikononi mwa mamilioni ya watoto na watu wazima duniani kote.

Hata hivyo, kinachofanya maisha yake yastahili kusimuliwa si hesabu ya mauzo peke yake. Ni msimamo alioushikilia kwa zaidi ya miaka 30 kwamba kifaa kizuri hakihitaji teknolojia mpya, bali matumizi mapya ya teknolojia ambayo watu wameshaizoea na bei yake imeshashuka. Msimamo huo ulimpandisha juu, na ni huohuo uliomfikisha kwenye anguko lake kubwa.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 katika mji wa Kyoto, na alisomea masuala ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilichopo mjini humo.

Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo. Wakati huo jina hilo halikuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Nintendo, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilikuwa ikijulikana kwa kutengeneza karata, hususan zile za Kijapani zenye michoro ya maua ziitwazo hanafuda.

Kazi aliyopewa kijana huyo msomi ilikuwa kuangalia mitambo ya kutengenezea karata isiharibike. Mitambo ilipokuwa mizima, hakuwa na la kufanya, naye akawa anatumia muda huo kujitengenezea vitu vya kuchezea.

Siku moja mkuu wa kampuni hiyo, Hiroshi Yamauchi, alipokuwa akikagua kiwanda, alimwona akichezea mkono wa bandia unaokunjuka na kurefuka ili kushika kitu kilicho mbali. Muda mfupi baadaye Yokoi aliitwa ofisini. Alikwenda akitarajia kukaripiwa kwa kucheza saa za kazi. Badala yake aliagizwa akigeuze kifaa hicho kuwa bidhaa.

Bidhaa hiyo iliingia sokoni mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ikauzwa zaidi ya milioni moja. Fundi wa mitambo akahamishiwa kwenye kazi ya kubuni.

Vifaa vilivyofuata vilionyesha namna alivyokuwa akifikiri. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa chenye mshale kilichodaiwa kupima mapenzi baina ya watu wawili. Ndani yake hakukuwa na ajabu lolote, kwani kilikuwa kipimo cha kawaida cha mkondo wa umeme, kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa fizikia anakifahamu. Ila ili kifanye kazi, wahusika walipaswa kushikana mikono, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wake.

Mwaka 1970 ikafuata bunduki ya kuchezea iliyorusha mwanga badala ya risasi. Shabaha yake ilikuwa na seli za jua, zile zinazogeuza mwanga kuwa umeme, zilizotoka kampuni ya Sharp. Mwanga ulipozigusa, shabaha iliitikia kana kwamba imepigwa. Kwa mara nyingine tena, kitu kilichobuniwa kwa shughuli nyingine kiligeuzwa kuwa mchezo.

Falsafa hiyo Yokoi aliipa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni kuifikiria upya teknolojia iliyonyauka. Kwake yeye, teknolojia iliyonyauka haikuwa takataka. Ilikuwa ni ile iliyokwisha kukomaa, mafundi wanayajua maradhi yake yote, viwanda vinaitengeneza kwa wingi, na bei yake ni nafuu. Kilichobaki ni mtu mwenye jicho la kuona kazi nyingine inayoweza kufanya.

Mfano ulio maarufu zaidi ulizaliwa ndani ya treni ya mwendo kasi. Yokoi alimwona abiria mmoja, mtu wa kazi za ofisini, akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Akajiuliza kwa nini mtu mzima kama yule asiwe na mchezo mdogo anaoweza kuucheza safarini bila kuvuta macho ya watu.

Wazo hilo lingeweza kupotea. Lakini siku moja dereva wa Yamauchi alikuwa mgonjwa, na Yokoi, aliyezoea kuendesha magari yenye usukani wa kushoto, akaombwa kumwendesha bosi wake. Humo garini akamdokezea. Yamauchi alilipeleka suala hilo kwa wakuu wa Sharp.

Wakati ulikuwa mwafaka. Sharp na Casio zilikuwa zimetoka katika vita kali ya bei ya vikokotoo, vita iliyoshusha mno gharama za vile vioo vidogo vya kuonyeshea tarakimu. Nintendo iliweza kuvipata kwa bei nafuu.

Aprili 1980 mchezo wa kwanza katika mfululizo wa Game & Watch ulitoka. Ulikuwa mchezo mmoja tu ndani ya kifaa kimoja, pamoja na saa. Hadi mfululizo huo unafikia kikomo, vifaa zaidi ya milioni 43 vilikuwa vimeuzwa.

Mwaka 1982, alipotaka kuuingiza mchezo wa Donkey Kong katika kifaa cha mkononi chenye vioo viwili kinachokunjwa, alikumbana na tatizo. Mashine kubwa za kumbi za michezo zilikuwa na kifimbo cha kuongozea, nacho kisingeingia mfukoni. Yokoi akabuni kitufe bapa chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba kinaweza kukibonyeza juu, chini, kushoto au kulia.

Kitufe hicho kilihamia kwenye mashine ya Nintendo ya kuchezea kwenye televisheni iliyotoka mwaka 1983, na tangu hapo karibu kila kampuni ya michezo imekuwa na kitufe cha namna hiyo. Msomaji aliyewahi kushika kidhibiti cha PlayStation au Xbox ameukuta mchango wa Yokoi chini ya kidole gumba cha kushoto.

Aidha, Yokoi alikuwa mlezi wa vipaji vya wengine. Alimsimamia kijana Shigeru Miyamoto wakati Donkey Kong ya kwanza ikitengenezwa mwaka 1981, mchezo ambao ndani yake alizaliwa mhusika aliyekuja kufahamika kama Mario.

Kisha ikaja Game Boy, Aprili 21, 1989, kwa bei ya yeni 12,500. Ukiitazama kwa macho ya mpenzi wa mitambo mipya, ilikuwa kitu cha kusikitisha. Kioo chake hakikuwa na rangi, bali vivuli vinne vya kijani na kijivu. Hakikuwa na taa ndani, hivyo mchezaji alilazimika kutafuta mwanga.

Washindani hawakuchelewa. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear. Zote mbili zilikuwa na vioo vya rangi vinavyong'aa. Kwa aliyezipanga mezani pamoja na Game Boy, uamuzi ulionekana rahisi.

Inaelezwa kuwa Yokoi alipopata habari za mpinzani mpya, aliuliza jambo moja tu, iwapo kioo chake kilikuwa cha rangi. Alipojibiwa kuwa ndiyo, alipumua kwa nafuu.

Sababu yake ilikuwa betri. Rangi na taa za wakati ule zilikula umeme kwa pupa. Mashine hizo za rangi zilitumia betri sita ambazo ziliisha kwa saa chache tu, ilhali Game Boy ilitumia betri nne na kudumu kwa zaidi ya saa 10. Mzazi ndiye aliyenunua betri, na mzazi huyo alikuwa na hesabu zake. Yeyote aliyewahi kuipenda simu ya kitochi kwa sababu chaji yake inakaa siku kadhaa hatahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu rangi, Yokoi alikuwa na maoni yake. Aliamini kwamba mtu akichora duara mbili ubaoni na kuambiwa kuwa ni sanamu la theluji, akili ya mtazamaji itauona weupe wake yenyewe. Mchezo ukikolea, mchezaji hujaza kilichopungua. Usipokolea, rangi haiwezi kuuokoa.

Mauzo yalimpa haki. Game Boy pamoja na toleo lake la rangi la mwaka 1998 viliuzwa zaidi ya milioni 118. Ilisaidiwa na Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoporomoka uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, ambao haukuhitaji rangi yoyote ili kumnasa mtu. Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, alikwenda na kifaa hicho hadi kituo cha anga za juu cha Mir.

Kulikuwa na jambo jingine dogo ambalo wengi walilipuuza. Game Boy ilikuwa na waya wa kuunganisha vifaa viwili ili watu wawili wacheze pamoja. Ni waya huohuo ulioiwezesha Pokémon, iliyotoka Februari 1996, kuwa mchezo wa kubadilishana viumbe baina ya marafiki. Kama ilivyokuwa kwa Love Tester, umeme kidogo uliwakutanisha watu.

Wakati Game Boy ikivuma, Yokoi alikuwa akiiona hatari mbele. Kwa maoni yake, kampuni za michezo zilikuwa zimeacha kushindana kwa mawazo na kuanza kushindana kwa uzuri wa picha. Alihofia kwamba katika mashindano ya namna hiyo, mwenye mashine yenye nguvu zaidi ndiye atakayeshinda, na mbunifu wa michezo hatakuwa na nafasi.

Jaribio lake la kuyakwepa mashindano hayo ndilo lililomwangusha. Julai 1995 Nintendo ilitoa Virtual Boy, kifaa cha kuingiza uso ndani ili kuona michezo kwa kina, kana kwamba vitu vipo mbele na nyuma. Kilitumia taa ndogo nyekundu kwa kuwa zilikuwa za bei nafuu na hazikuhitaji umeme mwingi, ilhali za buluu bado zilikuwa ghali mno. Hivyo kila kitu kilionekana chekundu katika giza.

Kwa upande wa gharama, kanuni yake ilifuatwa. Lakini mchezaji alisahauliwa. Kifaa kilisimama juu ya meza, mtu akalazimika kuinama, na wengi walilalamika kuumwa macho na kichwa. Aliyekaa pembeni hakuweza kuona kinachochezwa. Fundi aliyewafanya watu washikane mikono na kuunganisha waya alikuwa ametengeneza kifaa kinachomtenga mtu na wenzake.

Vifaa takriban 770,000 tu viliuzwa, na chini ya mwaka mmoja baadaye kilikuwa kimeondolewa sokoni.

Yokoi hakuondoka mara moja. Alikamilisha Game Boy Pocket, toleo jembamba zaidi lililotoka mwaka 1996, kisha Agosti 15 mwaka huo akaiaga Nintendo baada ya miaka 31. Wengi waliamini kuwa alisukumwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikanusha hadharani, akieleza kuwa alikwisha kupanga kujitegemea afikapo umri huo.

Alianzisha kampuni yake ndogo, Koto, mjini Kyoto, na kushirikiana na kampuni ya Bandai katika kubuni kifaa kipya cha mkononi, WonderSwan. Alirudi kwenye imani yake ya awali, yaani bei ndogo, kioo kisicho na rangi na betri moja tu ya kawaida iliyoweza kudumu kwa takriban saa 30.

Hakukiona kikiingia sokoni. Oktoba 4, 1997, katika barabara kuu ya mwendo kasi mkoani Ishikawa, gari alimokuwa liligonga lori kwa nyuma. Aliposhuka ili kutazama uharibifu, aligongwa na gari jingine lililokuwa likipita, na akafariki dunia.

WonderSwan ilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800, ikiwa na mchezo wa mafumbo uliopewa jina la Gunpey kwa heshima yake. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo ya kompyuta kilimtunuku tuzo ya mafanikio ya maisha yake yote.

Urithi wake ulionekana pia ndani ya Nintendo. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilitoa Nintendo DS, kifaa cha kukunja chenye vioo viwili kama Donkey Kong ile ya mwaka 1982, na mwaka 2006 ikatoa Wii, iliyozidiwa nguvu kwa mbali na mashine za wapinzani wake lakini ikawainua babu, bibi na wajukuu kutoka kwenye viti vyao.

Kwa mnunuzi wa leo, anayesimama dukani akihesabiwa wingi wa kamera na kasi ya mitambo, maisha ya Yokoi yanabakiza maswali mawili. La kwanza ni iwapo kifaa hicho kitadumu na chaji hadi jioni. La pili, ambalo Virtual Boy ilimfundisha kwa gharama kubwa, ni iwapo kitamsogeza mtu karibu na wenzake au kitamfungia peke yake gizani.